Mnaonitumia video za HafenCity, someni hii kwanza

Haipiti muda mrefu kabla mtu hajanitumia WhatsApp ile video ya droni ya HafenCity, mtaa mpya wa hapa Hamburg, Ujerumani, uliojengwa kwenye bandari ya zamani, ile yenye jumba la muziki la vioo lililokaa juu ya ghala la matofali, maji pembeni, watu wamekaa kwenye ngazi wanakunywa kahawa, halafu chini kaandika "angalia wenzetu" au "Dar tungekuwa na viongozi wenye maono bana". Mi nakaa Hamburg, ng'ambo ya mto upande wa Wilhelmsburg, na kazi yangu ni kusambaza vifurushi kwa gari, kwa hiyo HafenCity naijua kwa milango ya nyuma na lifti za mizigo. Nimeona niandike mara moja nimalize, maana voice note zangu zikizidi dakika tatu hakuna anayesikiliza.

Kwanza historia kidogo. Hamburg haiko baharini, iko kwenye mto Elbe, bahari iko mbali huko kama kilomita mia moja, lakini meli zinapanda na maji hadi mjini. Bandari ya zamani ilikuwa pua na mdomo na katikati ya mji: gati nyembamba nyembamba, kreni ndogo, magodauni ya ghorofa kadhaa, makuli wanashusha magunia ya kahawa na kakao. Mwaka 1968 ikaja meli ya kontena ya Wamarekani inaitwa American Lancer, ikafunga gati la Burchardkai, na hapo ndo mambo yakabadilika. Kontena halitaki godauni la ghorofa, linataka uwanja mpana na kina kirefu. Biashara ikavuka ikaenda kusini ya mto, zile gati za upande wa mjini zikabaki na maghala yaliyochoka, reli zenye kutu, udongo uliolewa mafuta, na kampuni chache za mizigo zilizokuwa zinasukuma siku.

Sasa kitu ambacho droni haionyeshi ni kwamba ardhi ile, sehemu kubwa, ilikuwa mali ya mji wenyewe. Hakukuwa na mzee fulani mwenye hati ya eka kumi wala kampuni iliyojimegea miaka ya nyuma. Kilichokuwepo ni wapangaji, na mji ukaanza kuwanunua kimya kimya ili waondoke. 1995 wakaunda kampuni ya umma ya kufanya hiyo kazi, 1996 meya Henning Voscherau akampa msanifu Volkwin Marg kazi ya kuchora wazo zima kwa siri, na tarehe 7 Mei 1997 ndo meya akasimama akatangaza hadharani kwamba mji unarudi mtoni. Siri ilikuwa na sababu yake na mimi siilaumu moja kwa moja, kila mtu anajua habari zikivuja tu madalali wanafika kabla ya wapimaji, bei inapanda mara nne na serikali inaishia kununua ardhi yake yenyewe. Ila tuelewane, mpaka mwananchi wa kawaida anasikia jina HafenCity, mchoro wa kwanza ulishachorwa, na hela za viwanja zilishapangiwa matumizi.

Na hela zilipangiwa nini? Kontena. Hili huwa nawaambia watu hawaamini. Mpango wa mwanzo ulikuwa mapato ya kuuza viwanja vya HafenCity yasaidie kulipia gati jipya la kontena kule Altenwerder, lililofunguliwa 2002. Altenwerder kilikuwa kijiji cha wavuvi, watu wana nyumba zao na bustani za matunda. Wakahamishwa kidogo kidogo kwa miaka na miaka, wengine wakagoma, wengine wakaenda mahakamani, na mkazi wa mwisho akatoka 1998. Limebaki kanisa la Mtakatifu Gertrud peke yake na makaburi yake katikati ya miti, ukisimama uwanjani pale unasikia mashine za bandari zinalia mchana kutwa. Ibada bado zinafanyika baadhi ya Jumapili, waliohamishwa na watoto wao wanarudi kusali. Nilipopelekwa pale mara ya kwanza nikawakumbuka watu wa Kurasini waliopisha shughuli za bandari. Kwa hiyo unaponitumia video ya wale wanaokunywa kahawa kwenye ngazi, ujue na kijiji hiki kimo kwenye hesabu.

Haya, tuje kwenye sifa, maana sitaki mseme naponda tu. Mpango mkuu ulipitishwa mwaka 2000, hekta 157 ukijumlisha na maji, kampuni ya umma ndo msimamizi, na namna wanavyouza kiwanja ni kitu ambacho nikipewa nafasi ningekibandika kwenye ukuta wa kila halmashauri. Ukishinda kiwanja hukipati hapo hapo. Unashikiwa tu, kwa muda maalumu, na ndani ya muda huo upime udongo, uitishe mashindano ya wasanifu, ukae na watu wa mji mkibishana kuhusu mchoro, utafute kibali, vyote kwa gharama zako. Ukimaliza ndo unalipa, ndo kinakuwa chako, na unatakiwa ujenge. Ukishindwa njiani kiwanja kinarudi kwa mji. Yani ule mchezo wetu wa mtu kuchukua kiwanja cha ufukweni, kuzungushia mabati, kuweka mlinzi na mbwa halafu kusubiri miaka kumi na tano bei ipande, hapa hauchezeki.

Lakini hata utaratibu mzuri unategemea umeuweka kwa ajili ya nani. Upande wa magharibi ulijengwa kwanza, na ulijengwa kwa wenye nazo. Mimi naona kwenye vifurushi. Kule Kaiserkai napeleka mvinyo, viatu, masanduku ya mashine za kahawa, na mara nyingi nampa mtu wa mapokezi, mwenye mzigo simwoni. Wenyeji wa Hamburg walilalamika sana kwamba mji umetumia ardhi ya wote kujenga mtaa wa matajiri, na kelele zile zilifanya kazi, kwani kuanzia miaka ya 2010 masharti yalibadilika. Viwanja vya nyumba vikaanza kutolewa kwa kuangalia zaidi wazo la mjenzi kuliko bei, kama theluthi ya nyumba ziwe za kodi nafuu, na vikundi vya watu wa kawaida wanaojiunga wajenge pamoja vikapata viwanja sambamba na vyama vya ushirika wa nyumba. Ukienda sasa upande wa mashariki, kule Baakenhafen, mzigo ni pampasi, vitanda vya watoto, matairi ya baiskeli, na mlango anafungua mama mwenyewe kashika mtoto. Mto ule ule, kampuni ile ile ya umma, ila kilichosainiwa siyo kile kile.

Kuhusu mafuriko niseme kidogo kwa sababu Dar tunalihitaji hili. Februari 1962 maji ya dhoruba yalipasua matuta ya kuzuia mafuriko, watu 315 walikufa Hamburg, wengi wao huku kwetu Wilhelmsburg. HafenCity iko nje ya tuta kuu, kwa hiyo badala ya kuizungushia ukuta waliinua ardhi ya majengo hadi mita nane na zaidi juu ya usawa wa bahari, barabara nazo zikapanda, na njia za kutembea pembeni mwa maji wakaziacha chini makusudi zilowe. Ghorofa za chini zina milango ya chuma ya kufunga maji yakija. Dhoruba ikitangazwa sisi madereva kitu cha kwanza ni kutoa gari sehemu za chini, halafu kazi inaendelea juu kama kawaida. Hakuna cha ajabu pale, ni kukubali kwamba maji yatakuja.

Sasa kuna jambo linanikera na nitalisema. Katikati ya mtaa ule kuna uwanja unaitwa Vasco-da-Gama-Platz, na hapo jirani kuna Magellan na Marco Polo. Mi mtu wa pwani napeleka kifurushi uwanja wa Vasco da Gama! Huyu bwana alifika Mombasa 1498 wakashindwana, akaenda Malindi akapata mwenyeji na mtu wa kumwongoza hadi India, aliporudi na kundi kubwa la meli 1502 akaingia Kilwa akamtisha sultani kwamba atauchoma mji mpaka akakubali kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Nyie mlioko Kilwa mnalijua, limo kwenye vitabu vya shule. Na siyo kwamba Hamburg haina historia yake na sisi: meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie zilianza 1890 kutoka hapa kwenda Tanga, Zanzibar na Dar, na pale Baakenhafen, pale pale kwenye familia zenye pampasi, ndipo walipopandia meli maelfu ya wanajeshi wa Kijerumani waliokwenda Namibia kuanzia 1904 kuwaua Waherero na Wanama. Wanahistoria wa hapa na Waafrika wa hapa wamelisema sana hili. Majina yale yaliwekwa mtaa ukiwa karatasi tu, na nina hakika katika chumba walichokaa hapakuwa na hata mmoja ambaye bibi yake katoka upande wetu.

Ndo maana nikitaka kumwonyesha mgeni ufukwe uliopangwa na watu, simpeleki HafenCity. Nampeleka St. Pauli, panapoitwa Park Fiction.

Pale ni kilimani juu ya mto, unaona kreni zote za bandari zimejipanga mbele yako. Miaka ya tisini kilikuwa kipande cha mwisho kilicho wazi kwenye ukingo ule na mji ulitaka kukiuza zijengwe nyumba na ofisi. Majirani hawakutaka, na hawa siyo majirani wa kawaida, hapo jirani ndo mtaa wa Hafenstraße ambako vijana walivamia nyumba tupu 1981 wakagoma kutoka, 1987 wakaweka vizuizi barabarani hadi serikali ikakubali kuzungumza. Kwa hiyo mji ulijua hawa watu wakisema hapana siyo hapana ya mdomo tu. Ila safari hii hawakuishia kwenye mabango. Wakazi, wasanii, kanisa la jirani, shule, wenye baa, wakaanza kukitumia kiwanja kama vile tayari ni bustani yao: tafrija pale, mihadhara pale, maonyesho pale, na wakaanza kuipanga wao wenyewe kabla hawajapewa ruhusa na yeyote.

Wakapata kontena, ndiyo, kontena la bandarini, wakaligeuza ofisi ya mipango pale mtaani. Ndani kulikuwa na udongo wa kufinyangia ili asiyejua kuchora afinyange anachokitaka, kabati la kuhifadhi matakwa ya kila mtu, na namba ya simu ya kupiga kama wazo limekujia usiku wa manane. Halafu, na hapa ndo nawavulia kofia, walitengeneza begi lenye vifaa wakawa wanapita nyumba kwa nyumba. Kwa sababu kila aliyewahi kukaa mkutano wa hadhara anajua nani anakuja: wazee watano, mjumbe, na yule jamaa mmoja anayeongea kila ajenda. Mama mwenye zamu ya usiku haji. Kijana asiyejua Kijerumani haji. Kwa hiyo wao wakamfuata, wakakaa jikoni kwake.

Mji ukasalimu amri, mpango wa kuuza ukafa, hela ya umma ikatolewa kujenga kilichokuwa kwenye yale matakwa, na bustani ikakamilika 2005. Ukienda utakuta majani yamelazwa kwa mawimbi kama zulia linaloruka, utakuta minazi ya kutengenezwa, mi wa pwani huwa naicheka ile minazi, utakuta sehemu ya mbwa yenye ua lililokatwa umbo la mbwa. Ukiuliza mbona vinaonekana vya ajabu hivi, jibu ni kwamba kuna mtu wa mtaa ule aliomba. Jioni za kiangazi pamejaa hadi huwezi kutandika kanga, vijana wa Ghana, Waturuki, walevi, watalii, na hakuna aliyenunua chochote ili akae pale.

Na huku kwetu Wilhelmsburg kuna stori nyingine ambayo hata Wajerumani wengi wa ng'ambo hawaijui. Kisiwa hiki ndo mji ulikuwa unatupia kila kitu: barabara kubwa, viwanda, jalala la Georgswerder ambako 1983 iligundulika sumu ya dioksini inatiririka, na sisi wageni. Maji yametuzunguka pande zote lakini huyafikii, kwa sababu bandari huru, yani eneo la bandari ambalo mizigo haikutozwa ushuru, ilikuwa na fensi ya forodha, ndefu, yenye waya wa miba juu, na ilipita kati ya nyumba za watu na bwawa la Spreehafen. Wazee wa hapa wanasema watoto wao walikua wanaona maji kupitia matundu ya fensi. Mwaka 2000 mtoto wa miaka sita aliuawa na mbwa karibu na shule, watu wakapandwa na hasira za miaka yote, wakaulazimisha mji kukaa nao. Kikazaliwa kikao kirefu cha wakazi, 2001 hadi 2002, wamejigawa makundi, kila kundi na mada yake, shule, nyumba, bandari, usafiri, wakatoa kitabu chao cha madai. Fensi ya Spreehafen ilikuwemo. Wakazi wakawa wanafanya tamasha pale pale kwenye fensi kudai ifunguliwe, 2010 ikatobolewa njia za kupita, na tarehe 1 Januari 2013 bandari huru yenyewe ikafutwa, fensi ikang'olewa.

Siku hizi jioni nikishapaki gari napita juu ya tuta la mafuriko pale Spreehafen. Watu wanakimbia, wanachoma nyama, kondoo wanakula majani ya tuta, mbele unaona minara yote ya mji. Haina mkahawa hata mmoja wa maana na hakuna droni inayopoteza chaji kuja kupiga picha.

Nisiwadanganye kwamba basi yakaisha vizuri. Baada ya kile kitabu mji ulileta maonyesho makubwa ya ujenzi, yalifikia kilele 2013, uwekezaji mkubwa, jalala la sumu likafunikwa likawa kilima cha umeme wa upepo na jua chenye njia ya kutembea juu, pazuri kweli. Na kodi za nyumba zikapanda. Mama mmoja Mturuki wa ghorofa ya chini yangu, aliyekuwa akija kwenye zile harakati za fensi tangu mwanzo, alishahama, kodi mpya ilimshinda. Watoto wake wanakuja kwa treni Jumapili kukimbia kwenye tuta.

Kwa hiyo mimi siku hizi mtu akiniambia mradi fulani "umeshirikisha wananchi" swali langu ni moja, waliulizwa lini. Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa mipango hapa, meza nzuri, karatasi za rangi za kubandika ukutani, sambusa za mboga, tukaulizwa mabenchi yakae wapi na daraja la baiskeli lielekee wapi. Idadi ya nyumba ilishapangwa, ofisi zilishapangwa. Tukabandika karatasi zetu. Linganisha na 29 Novemba 2015, watu wa Hamburg waliitwa kupiga kura ya maoni kama mji uombe Olimpiki ya 2024, ambayo ingejengwa kwenye ardhi ya bandari pale Grasbrook, serikali inataka, magazeti yanataka, wafanyabiashara wanataka, na watu wakasema hapana kwa asilimia 51.6. Ikafa siku hiyo hiyo. Pale swali lilikuwa la maana kwa sababu hapana ilikuwa na uzito. Halafu geuza ukurasa: Februari 2025 mji ukasaini makubaliano na tajiri Klaus-Michael Kühne ajenge jumba jipya la opera pale Baakenhöft, kule kule walikopandia meli wale wanajeshi wa Namibia, yeye anatoa euro milioni 330, mji unaandaa ardhi kwa hadi milioni 147.5. Hapo hapakuwa na kura ya wananchi. Ni zawadi, na zawadi haijadiliwi.

Na mkumbuke lile jumba la vioo la kwenye video zenu, Elbphilharmonie, wananchi waliambiwa litagharimu mji euro milioni 77. Lilipofunguliwa Januari 2017 mji ulikuwa umetoa milioni 789. Nimeingia ndani, sauti ni balaa, sitasema uongo. Ila kwa hela ile ningependa mtu angepita na begi nyumba kwa nyumba kwanza.

Dar na Hamburg ni miji rafiki tangu 2010, ujumbe unakuja huku mara kwa mara, na ratiba huwa naijua: boti, jumba la vioo, chakula cha mchana, picha za pamoja. Jamani, mkija tena, mkiwa na diwani au afisa mipango miji kwenye msafara, muombeni mwenyeji wenu awaonyeshe mkataba wa kiwanja kimoja tu, ule wa kushikiwa, wenye masharti yote, mkae nao siku nzima na mkalimani. Pale Kivukoni na kwingineko ufukwe wenye mali ya umma bado upo, na karatasi ile ina kazi kuliko picha mia. Halafu mkitaka kwenda Altenwerder kanisani na Spreehafen niambieni mapema, basi za kule siku ya mapumziko ni za kubahatisha, ila mimi Jumapili sipeleki vifurushi na gari linabeba watu wanane.